Nani Alitia Sahihi Rigena?

Haya, tulikuwa wapi? Uani kwa Bonareri, bibi mwenye shamba, juu ya kilima cha Rigena upande wa Marani, Jumapili saa tatu asubuhi. Fred Osewe ndiyo kwanza anafika, viatu vimejaa tope, bahasha ya kazi ameificha ndani ya koti isilowe. Anakuta kijana Bravin wa kampuni pinzani ameketi kwenye stuli, mguu juu ya mguu, anapepea karatasi.

"Umechelewa, mzee," Bravin akamwambia. "Magokoro, huyu nyanya, ameshatia sahihi."

Hapo ndipo nilipokata, na wengine wenu mmeninunia wiki nzima.

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, habari ni fupi. Fred ni mtu wa Homa Bay, umri wake miaka hamsini na miwili. Anaitafutia viwanja kampuni ya Upeo, inayojenga minara ya simu. Kwa miaka kumi na minane amepanda na kushuka vilima vya Kisii na Nyamira akibembeleza wenye mashamba wakodishe kipande kidogo tu, bwana, kidogo sana. Amebembeleza hadi maneno yenyewe yamemchosha.

Bravin naye ni wa kampuni ya Kasi. Kampuni moja ya simu inataka kushusha intaneti ya nguvu Rigena, na imesema mjenzi atakayetuma mkataba wa mwenye shamba kabla ya saa sita mchana leo ndiye atakayejenga. Mnara ni mmoja. Wanaoukimbilia ni wawili.

Pam, bosi wa Fred aliye Kisumu, alimwekea mambo wazi. Akiipata Rigena, kuna kiti cha ofisini kinamngoja Homa Bay, kilomita tatu kutoka nyumbani kwake. Akiikosa, mwisho wa mwezi arudishe kitambulisho cha kazi. Mkewe, Benta, siku hizi hamuulizi tena atarudi lini. Humwambia tu kwamba chakula kimo ndani ya sufuria, na hilo humuuma Fred kuliko ugomvi.

Sasa twende.

Fred hakupiga kelele. Alitafuta pa kukaa, akapakosa, akaegemea nguzo ya banda la ng'ombe.

"Nionyeshe," alisema.

"Angalia na macho, mzee. Mikono weka mfukoni."

Bravin akaifungua karatasi mbele yake. Jina lilikuwa la Bonareri, namba ya kitambulisho ilikuwa sawa, mkataba ulikuwa wa miaka thelathini. Pa kutia sahihi pametiwa. Pa shahidi palikuwa patupu. Nyuma kulikuwa na ramani ya kiwanja, na Fred alipoiona roho ilimruka, kwa sababu mstari wa Kasi ulipita katikati ya migomba mitatu iliyo chini ya jiwe kubwa. Chini ya migomba ile amelala mzee Obwocha, mume wa Bonareri, mwaka wa sita sasa.

Mchoraji alichora akiwa mjini, akiangalia picha iliyopigwa kutoka angani. Kutoka angani, kaburi na migomba ni kijani kimoja. Ramani ya Fred ilikwepa hapo kwa hatua ishirini, kwa vile Fred alifika, akauliza, akavua kofia.

Kisha akasoma tarehe. Kumi na nne. Akaisoma tena.

Kumi na nne ilikuwa jana, na jana ilikuwa Jumamosi.

Mnakumbuka Ijumaa Fred alifika hapa saa kumi na moja na nusu jioni, jua limeshainama. Bonareri alikuwa amekwisha kupika chakula cha siku mbili, mitungi imejaa maji, nguo za shamba zimekunjwa. Alimkaribisha, akampa uji, akamwambia, "Kalamu imeshawekwa, Osewe. Hii saa ni ya kungojea Sabato. Kuja Jumapili." Fred akanywa uji, akashukuru, akashuka kwa miguu hadi Marani. Alijua kabisa kwamba anampa Bravin siku nzima ya kumpita.

"Mama!" Fred aliita.

Bonareri alitoka jikoni akifuta mikono kwenye leso. Ana miaka sabini na sita, mkono mmoja hauachi fimbo. Ni mama wa Dorkas, kikundi cha kusaidia wahitaji katika kanisa lake la Waadventista, na hakuna mgonjwa wa kilima kile ambaye hajala chakula chake.

"Bwakire, Osewe. Mbona umesimama? Nilikuwa naletea huyu kijana chai. Nikafikiria mko pamoja."

"Mama, huyu anasema jana ulimtilia sahihi."

"Jana?" Bonareri alicheka kidogo. "Jana ilikuwa Sabato."

"Karatasi inasema jana."

Kicheko kikaisha. Alitoa miwani kwenye kifundo cha leso, akaweka kidole chini ya tarehe, akakisogeza polepole hadi kwenye sahihi. Uso wake ulibadilika.

"Hii si mkono yangu," alisema. "Mimi jana niliingia kanisa saa mbili, nikatoka jua ikiingia. Hata chumvi sikuongeza kwa mboga. Nitie sahihi ya shamba siku ya Mungu? Mimi?"

Mguu wa Bravin ulishuka kutoka juu ya mwenzake.

"Lakini... Machogu ndiye aliniletea. Jana jioni, Marani. Alisema wewe ndio umemtuma."

"Machogu!"

Machogu alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni, na nyinyi mnaofuatilia hadithi hii mlishaona kwamba amekuwa akipasua kuni nyingi mno tangu asubuhi. Ni kitinda mimba wa Bonareri, miaka thelathini na minne, karani wa kituo cha kununulia majani ya chai. Alikuja akiwa ameinamisha macho.

"Jana ulisema tumbo inakuuma," mama yake alianza.

"Iliuma kidogo."

"Ikauma mpaka ukashuka Marani?"

Machogu alijipangusa vumbi la kuni kwenye suruali.

Na hapa nicheke au nilie, sijui. Mtu anapanga kughushi sahihi ya mama yake. Anachagua Jumamosi, siku pekee ambayo nyumba haina mtu na kitambulisho kimo sandukuni. Hadi hapo ana akili. Lakini Machogu ameandika tarehe kwenye kila gunia la chai kwa miaka tisa. Akikosea tarehe, wakulima humvamia. Basi alipofika pale pa tarehe, mkono ukaandika ya siku ile bila kumwuliza. Mkono wake ulizoea ukweli kuliko yeye mwenyewe.

"Mama, ungekataa," Machogu alisema. "Umekataa watu watatu tangu dada Ruth aende Doha."

"Nilikataa ama nilisema wangoje?"

"Wewe unangoja, watu wa Nyamira wanapata. Huko watoto wanasoma na simu, wanauza ndizi na simu. Sisi tunapanda jiwe kutafuta mtandao kama nyani!"

"Na ukaona uniibie jina."

Machogu alirudi kwenye kuni zake, lakini shoka halikusikika tena.

Bravin alikuwa amesimama, jasho limemtoka. "Mzee, mimi sikujua. Haki ya mama. Na kuna kitu ingine." Akaelekeza kidole juu kilimani. "Nilishaituma. Alfajiri, nikiwa huko juu kwa jiwe."

Fred alifumba macho. Alihisi uchovu wa miaka yote kumi na minane ukimkalia mabegani.

"Basi wapigie uitoe."

"Simu imezima, mzee, betri. Wacha nishuke Kisii niwaambie uso kwa uso. Wakijua nimeleta karatasi feki, kazi imeenda." Alikuwa anazungumza haraka haraka. "Naenda. Nakuapia naenda."

Aliikunja karatasi yake, akawasha pikipiki, akateremka. Fred alimwamini. Kutomwamini mtu ni kazi, na hakuwa na nguvu ya kazi nyingine.

Walibaki wawili. Bonareri aliketi kwenye stuli ile aliyoiacha Bravin, akaweka fimbo mapajani.

"Osewe, mimi nitakutilia wewe," alisema. "Ijumaa ulirudi bila kununa. Nilikuangalia mpaka ukavuka mto. Nikasema, huyu mtu amechoka lakini ana heshima."

Fred aliingiza mkono ndani ya koti kutafuta bahasha.

"Ngoja. Kwanza panda huko kwa jiwe, uulize wakubwa wako busta, huo mnara wenu, itawaka mwezi gani. Wanipe jina ya mwezi. Wasiniambie ni hivi karibuni. Hivi karibuni nimesikia tangu mzee akiwa hai."

"Nitauliza, Mama."

"Tangu Desemba sijaona uso ya Ruth. Magoti imekataa jiwe. Machogu anapanda, anaongea na yeye, anashuka ananiambia Ruth amesema hivi na hivi." Alitazama kule kuni zilikokuwa. "Maneno ananiletea. Uso ataniletea aje?"

Fred alimwachia bahasha mapajani, akaanza kupanda.

Jiwe la Rigena liko juu kabisa, limeng'aa kwa kukanyagwa. Kila boma lina mahali pake pa kusimama na hakuna anayesimama pa mwenzake bila kuomba. Leo hapakuwa na mtu, Wakatoliki walikuwa misani. Fred alifika akihema, akasimama pa Bonareri kwa vile alikuwa na ruhusa, akainua simu. Hakuna. Akageuka kidogo. Vikatokea vistari viwili.

Ujumbe ukaanza kuanguka, mmoja juu ya mwingine. Wa kwanza ulikuwa wa Pam, wa Ijumaa saa moja jioni.

"Fred, simama hapo ulipo. Upeo na Kasi tumeelewana. Wao wanachukua Marani yote, sisi Nyamira. Usimtilishe mtu sahihi Rigena."

Wa pili ulikuwa wa Jumamosi. "Fred, uko wapi?"

Wa tatu ulikuwa wa leo asubuhi. "Piga simu. Haraka."

Fred alikaa chini, pale pale kwenye jiwe.

Ijumaa! Yaani alipokuwa akishuka kwa miguu na uji wa watu tumboni, wakubwa walikuwa wamekwisha kugawana vilima na kupeana mikono. Usiku wa jana hakulala vizuri, leo ameamka saa kumi alfajiri, na yule kijana naye amehangaika vile vile, kwa mashindano yaliyokwisha. Hakuna aliyewaambia kwa sababu wote wawili walikuwa siku mbili upande wa Marani, mahali pasipo na mtandao, wakiutafutia mtandao njia, na simu ya kijana ilizima mara tu alipotuma karatasi yake. Mimi ningetupa simu. Fred alipiga tu.

"Fred! Hatimaye!" Sauti ya Pam ilikuwa na furaha. "Umesoma? Basi pole na safari. Sikiliza, karatasi ya Kasi imefika, safi kabisa, lakini haina shahidi. Kampuni ya simu haitaipokea bila shahidi. Wewe unajulikana hapo, umeenda kwa huyo mama mara ngapi?"

"Mara tisa."

"Umeona? Kubali tu jina lako liwekwe. Nyamira tumepewa kwa masharti kwamba Rigena isilete shida. Na kesho saa mbili unaketi Homa Bay. Ofisi ina dirisha, Fred, unaona ziwa."

Fred alitazama magharibi. Hewa ilikuwa imesafishwa na mvua, na mbali kule kulikuwa na mstari wa kijivu. Lilikuwa ziwa lenyewe. Moyoni alimwona Benta akifungua mlango saa kumi na moja jioni, siku ya kawaida, bila kushangaa kumwona.

"Pam, karatasi ile ni ya uongo. Mama hakutia sahihi. Mtoto wake ndiye aliandika."

"Mtoto, mama, shamba si ni lile lile? Mnara si anautaka? Ataupata."

"Ramani inapita juu ya kaburi la mume wake."

"Hayo watamalizana na Kasi."

"Watachimba kwanza, ndipo wamalizane?"

"Fred, yawa, wewe ni mtu mzima. Umechoka, mimi najua umechoka. Nakupa njia ya kupumzika. Niambie, kiti kipo au hakipo?"

Niseme ukweli, hakuwaza mambo makubwa. Aliwaza uji wa Ijumaa, ambao mama yule alimpa huku jua likimkimbiza. Aliwaza pia kwamba mtu akianza kazi ya dirishani kwa jina la uongo, kila akiliangalia ziwa ataona migomba mitatu.

"Hakipo," alisema.

"Nini?"

"Kiti. Hakipo. Na jina langu msiliandike."

"Fred, subiri, jina tulisha..."

Mtandao ukakata. Aligeuka huku, akageuka kule, akainua simu hadi bega likamuuma. Vistari havikurudi, na betri ilikuwa imebaki asilimia mbili. Kisha nayo ikazima.

Alikaa pale dakika kadhaa, akitafuta namna ya kumwambia Benta. Hakuipata. Akainuka, akaanza kushuka akipanga maneno mengine, ya kumwambia Bonareri. Mama, mambo ni hivi. Mimi sina kampuni tena. Kesho asubuhi mapema twende kwa chifu, mimi na wewe, tuikatae karatasi ile kabla hawajaleta watu.

Alikuwa nusu ya njia aliposikia lori.

Lilikuwa linapanda kwa gia ya kwanza, linanguruma, linateleza kwenye tope. Nyuma walikaa wanaume kumi hivi na masururu, juu ya mifuko ya saruji. Lilipita langoni bila kupiga honi, likasimama kando ya migomba mitatu.

Fred alikimbia. Mtu wa miaka hamsini na miwili, kwenye mteremko, magoti yakilia.

Bonareri alikuwa amemtangulia. Alisimama mbele ya migomba, fimbo imechomekwa mbele yake, bahasha ya Fred bado iko kwapani. Msimamizi wa kazi, mtu mnene wa makamo aitwaye Angwenyi, alikuwa amevua helmeti kwa adabu.

"Mama, sisi tumetumwa tu," alikuwa akisema. "Tumeambiwa tuchimbe msingi leo leo. Mwenye shamba amekubali. Karatasi ni hii, tumepewa Kisii asubuhi."

"Lete."

Bonareri alivaa miwani. Machogu alikuwa ametoka nyuma ya nyumba, amesimama mbali, ameweka mikono kichwani. Alipoona mifuko ya chokaa ya kuchorea msingi ikishushwa kutoka kwenye lori, kandokando ya kaburi la baba yake, alianza kulia kwa sauti kama mtoto. Hakuna aliyemgeukia.

Mama alisoma kwa kidole, kwa sauti, kama anavyosoma Biblia kanisani. Akasoma jina lake. Akasoma tarehe ya Sabato, akatikisa kichwa. Kidole kikaendelea kushuka, kikapita pale kilipokomea asubuhi, mpaka pale ambapo Fred alipaona patupu.

"Sha-hi-di," alisoma.

Fred alifika hapo, pumzi zimemkatikia.

"Fred," Bonareri akasoma. "O-se-we."

Namba yake ya kitambulisho ilikuwepo. Sahihi ilikuwepo, na ilifanana na yake, kwa sababu Pam ana mamia ya karatasi zake za miaka kumi na minane. Tarehe ilikuwa ile ile, kumi na nne.

"Mama," Fred alisema. "Mama, hiyo si mimi. Nimetoka kuwakatalia sasa hivi, huko juu, nimewaambia..."

"Umeambia nani? Nani alisikia?"

Fred alitoa simu mfukoni. Ilikuwa imezima. Aliiangalia, akairudisha.

Bonareri alivua miwani polepole. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimtazama kama mtu aliyebeba mzigo mbali na sasa ameambiwa aurudishe alikoutoa.

"Asubuhi ulinionyesha makosa ya mtoto wangu," alisema. "Yako ukaficha. Na mimi nikakupa uji, nikasema huyu ana heshima. Kumbe Ijumaa ulikuwa unangojea tu Sabato iingie."

Akaitoa bahasha ya Fred kwapani, akaiacha ianguke kwenye tope.

Angwenyi msimamizi alitazama karatasi, akamtazama Fred, akafurahi kwamba hatimaye amepata mtu wa kuzungumza naye. Alimnyooshea sururu, mpini mbele.

"Kumbe Osewe ndio wewe? Tumeambiwa utakuwa hapa. Haya, Bwana Shahidi, tuonyeshe. Tuanzie wapi?"